Historia ya Pumzi, Aliyefia kwa Mjane

"Wifi, wewe sema kafia kitandani kwake, hayo mengine yaache," ndivyo alivyoniambia wifi yangu, mke wa marehemu, leo asubuhi, tena kaniambia kupitia mlango wa jikoni, maana mlango kaufunga kwa ndani tangu juzi na hafungulii mtu, nami nikamjibu, wifi, mimi nitasema alipofia, kama hutaki kusikia ziba masikio, akaniambia, "Basi mkamzike nyinyi na huyo Mjane wake, mimi sitoki."

Haya, mmesikia. Msijifanye hamjui, nyote hapa mmekuja na neno hilo mdomoni, nimewaona mnavyoinamiana kule kwenye turubai, fulani anamnong'oneza fulani, kafia kwa mjane, mzee mzima, na wajukuu anao. Nyamazeni basi niseme, na nikimaliza atakayenong'ona tena nitamtaja.

Mimi ni dada yake mkubwa, aliyebaki kwa baba na mama ni mimi peke yangu, na karatasi hii ninayoishika kaiandika mwanawe wa kwanza, yule mfamasia, kaniandikia vizuri na kanisomea mpaka nimeshika, kusoma sijui, lakini nimeishika mjue kwamba imeandikwa, na palipoandikwa uongo nitaparuka.

Karatasi inasema marehemu alizaliwa tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, mimi nasema ilikuwa mwezi wa nne, nilikuwepo, karatasi haikuwepo, alizaliwa kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya baba, akatoka kimya, mkunga akampiga makofi akachoka, mama akasema huyu kashakwenda, mkunga akaweka shavu lake puani kwa mtoto akatulia, kisha akasema, "Pumzi ipo," na kuanzia hapo likawa ndilo jina lake, lile la cheti hata mimi huwa nalisahau, na siku akiitwa hospitalini kwa jina la cheti alikuwa hageuki.

Shule alisoma ya msingi akaimaliza, akaingia sekondari mpaka kidato cha pili, baba akaugua na masomo yakaishia hapo, sitaki kusema mengi kuhusu nani alipaswa kusaidia na hakusaidia, huyo mtu amekaa hapa na amevaa miwani, anajijua. Nitasema tu kwamba Pumzi alikuwa wa mwisho kutoka nyumbani na wa kwanza kufika shuleni, walimu wakashuku kuna gari linampakia njiani, wakamwekea mtu wa kumvizia, mtu huyo akarudi anahema, akasema hakuna gari, ni miguu.

Kazi aliipata idara ya maji, akawa msoma mita, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu, na hapa ndipo mashaka yote yanapoanzia, nisikilizeni. Msoma mita haulizwi, anabisha hodi, anaingia uani, anainama kwenye bomba, anaandika, anatoka, hakuna ua asioujua, hakuna mbwa asiyemjua, yeye mwenyewe alikuwa akisema mbio kafundishwa na mbwa, na wanawake wa mtaa mzima wanamjua kwa jina. Mwanamume wa namna hiyo ukiolewa naye huwezi kulala usingizi wa moja kwa moja.

Na wifi yangu alikuwa na haki ya kutolala, maana yeye mwenyewe aliolewa kwa njia ya mita. Mita ya nyumbani kwao ilipaswa kusomwa mara moja kwa mwezi, Pumzi akawa anaisoma kila wiki, baadaye kila siku ya pili, anainama pale kwenye bomba anaitazama wee, huku binti wa nyumba anafua, baba mkwe akashuku kwamba kuna maji yanaibwa, akaenda ofisini kwao kulalamika, mkubwa wa ofisi akamwuliza Pumzi, "Nyumba ile ina nini?" akajibu, "Ina mita nzuri." Wakaoana mwaka huo huo, mwezi wa nane, sherehe ilifanyika kwenye ua ule ule, bomba likiwepo. Kwa hiyo wifi akiona mume wake anapita nyumba moja mara nyingi, anajua maana yake, kajifunza kwa mwili wake.

Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza huyu mfamasia, wa pili fundi majokofu, kaingia jana kwa basi na macho yamemvimba, wa mwisho binti, huyu anayewakimbiza wajukuu pale, na wajukuu wapo, mnawaona wanavyokimbia, damu haikatai.

Sasa nakuja kwenye mbio.

Marehemu alipostaafu alikaa kwenye kiti, akanenepa, tumbo likatangulia mlangoni yeye akafuata, akawa anahema akifunga kamba za viatu, akapelekwa kwa daktari, daktari akamwambia shinikizo la damu limepanda na sukari inanyemelea, "Mzee, tembea." Akatembea. Akatembea mpaka kona, akatembea mpaka sokoni, akakutana na yule kinyozi wa njia panda, ambaye naye ni mzee mwenzake, na kinyozi akamwingiza kwenye kundi lao la wazee wakimbiaji, wenyewe wanajiita Magoti, kwa sababu ndicho wanachokizungumza, goti la kulia, goti la kushoto, ukikaa nao unatoka na wewe unachechemea.

Na hapo ndugu yangu akabadilika, na mimi ninayewaambia haya nilikuwa wa kwanza kuona. Akaacha sukari. Akaacha vya kukaanga. Akaanza kulala mapema, kuku hawajaingia yeye kashaingia, na akiamka anakunywa maji kabla hajasema na mtu. Anapiga mswaki kasimama mguu mmoja kama korongo, nikamwuliza, Pumzi, una nini? akasema, "Dada, najifunza kutoanguka uzeeni." Ananyanyua ndoo za mchanga uani, anaziweka chini, ananyanyua tena, hajengi chochote. Siku moja kila wiki hakimbii kabisa, analala chali na miguu kaiegemeza ukutani, anasema mwili nao una likizo. Tumbo likaisha. Akanunua viatu vya rangi ambayo hata maua hayana, vikachakaa kidogo tu akanunua vingine. Akawa anajipaka mafuta ya misuli, yananukia mpaka barabarani. Nguo zake anafua mwenyewe. Na anaondoka alfajiri, anarudi anatabasamu.

Sasa nyinyi wanawake mliokaa mbele, niambieni, mwanamume mwenye wajukuu, kapungua tumbo, kanunua viatu, anajipaka mafuta, anafua nguo zake asije mtu akazinusa, anatoka alfajiri na kurudi anatabasamu, mngesema anafanya mazoezi? Mimi sikusema. Nilimwendea wifi nikamwambia, wifi, fungua macho. Akaniambia, "Wifi, mimi sijayafumba."

Kisha likaja neno lenyewe. Wifi alimsikia akiongea na kinyozi kwa simu, anacheka, anasema, "Jana Mjane kanitoa jasho, lakini kesho narudi kwake tu." Siku nyingine, "Mjane hana huruma, lakini ukishamzoea humwachi." Na siku moja mbele ya chakula, mezani, alisahau kwamba tupo, akajisugua mapaja, akasema, "Mjane huyu ataniua," nasi tukatazamana. Tena kuna neno lingine alilisema, la kupanda, hilo sitalirudia, watoto wapo.

Wifi hakumwuliza. Huo ndio ubaya wa ndoa ya muda mrefu, mtu anaona bora kujua kuliko kuambiwa. Akatafuta mwenyewe huyo mjane ni nani, na hakuhitaji kwenda mbali, maana njia yao ya mbio inapita mbele ya nyumba ya yule mshonaji, ambaye kweli mume wake alifariki zamani, na kweli huwa anakaa barazani na cherehani yake alfajiri, na kweli nyumba yake ina mita. Ikawa basi. Wifi akaacha kumpelekea nguo za kushona, akimkuta dukani anatoka, na mshonaji wa watu hajui kosa lake.

Halafu mlango. Mwaka jana marehemu kanunua kopo la rangi, kapaka mlango wa jikoni, huo huo uliofungwa sasa hivi, rangi ya njano kama kiini cha yai, wifi akapiga kelele, "Nani kakwambia mlango wa jikoni unapakwa njano? Moshi wote huu?" akasema tu, "Nimependa unaonekana." Unaonekana na nani? Unaangalia nyuma, huko hakuna jirani, kuna vichaka na kile kilima. Mimi nikasema hiyo ni ishara, huyu anampa mtu ishara. Wifi akalia siku ile, na ugomvi wa ule mlango mnaujua, nilikuja kuusuluhisha mimi mwenyewe, haukusuluhika.

Nije kwenye ugonjwa na kifo. Karatasi inasema alifariki nyumbani, hapo naruka. Moyo wake ulikuwa na hitilafu, daktari aliigundua miaka mingi nyuma, akamwambia asiache mazoezi lakini apunguze kasi, asiende peke yake, ameze dawa, na akiona kifua kinabana asimame, na wenzake wanasema alifuata yote, wa mbele hakuwa tena, alikuwa wa katikati, na alikuwa akiwaambia wenzake wenye haraka, "Mimi sishindani na nyinyi, nashindana na kile kiti nilichokuwa nimekaa." Wamekwenda mbali na hivyo hivyo alivyo, wamelala kwenye mahema milimani, wamevuka mto kwa kamba, wazee wazima wanapigwa na baridi wanacheka, mimi nikasikia nikasema wana wazimu au kuna wanawake.

Alhamisi alfajiri alitoka na kinyozi, na saa ambayo kwa kawaida anarudi, akarudi kinyozi peke yake, hana kofia, akamkuta wifi hapo mlangoni, na kinyozi kwa kuchanganyikiwa, kwa lugha yao waliyoizoea, akasema, "Shemeji, mzee katutoka, kafia kwa Mjane."

Hilo ndilo neno alilopewa. Wifi hakulia, alimtazama, akaingia ndani, akafunga mlango. Kinyozi akabaki nje anapiga kelele, "Shemeji, ni kilima! Mjane ni kilima!" na wifi kutoka ndani akamjibu, "Kilima gani chenye jina la mtu? Wanaume mnafichiana mpaka kaburini."

Na mimi niliposimuliwa nilisema hivyo hivyo. Kinyozi, usinitazame, sikukuamini. Mimi mvua siiamini mpaka inilowanishe. Nikamwambia, kama ni kilima, nipeleke.

Nikaenda jana. Magoti yangu haya si ya kundi lolote, lakini nilikwenda, na fimbo. Kwanza nikasimama kwa mshonaji, nikamwuliza usoni, wewe na ndugu yangu mlikuwa na nini? Akaacha cherehani, akacheka mpaka akafuta machozi, akasema, "Bibi, ndugu yako kila alfajiri alipita hapa anahema, anatema mate, jasho linamtiririka, anasema salamu yako nitakupa nikirudi, na akirudi hasemi. Nimpendee wapi?" Nikamtazama sana yule mwanamke. Nimewatazama waongo wengi katika ukoo huu, nawajua wanapoangalia. Hakuangalia huko.

Tukaendelea, kilima kikaanza, na jamani, kile si kilima, ni ukuta umelala kidogo. Kimesimama peke yake, hakina kilima mwenzake upande wowote, kimekonda, mawe yamekitoka kama mbavu. Nikamwuliza kinyozi, nani kakiita Mjane? Akasema, "Yeye mwenyewe, dada, alikiangalia siku ya kwanza akasema, huyu kaachwa peke yake na hamtaki mtu." Nikasema, kwa nini asikiite mseja basi, pasingetokea maneno? Kinyozi akanisukuma tu mgongoni nipande. Nilikaa kila penye jiwe. Nikafika juu natafuta hewa, nikaona kwa nini mtu akifika pale anatabasamu, nitasema hilo na yaishe, upepo unakupiga usoni unaona umerudishiwa ujana kidogo, kisha unadaiwa kushuka.

Juu kuna jiwe moja la kukaa. Kinyozi akasema, "Hapa ndipo alipokaa, kafunga vizuri kamba za viatu, kasema kifua kinabana kidogo, kameza dawa, nikasema nikaite watu, kanishika mkono kasema ngoja kwanza." Nikamwuliza, ungoje nini? Kinyozi akanyoosha kidole.

Nikageuka. Kule chini mji wote ni mabati, bati na bati, kutu na kutu, huwezi kujua lipi ni la nani, lakini katikati kuna kitu kidogo cha njano, kama kiini cha yai kimedondoka. Mlango wa jikoni.

Kinyozi akasema, "Dada, miaka yote hii sisi Magoti tunamtania, tukifika hapa wenzake wanakunywa maji wanashuka, yeye anakaa. Tunamwambia twende Mzee, anasema, 'Mimi sishuki mpaka mlango ufunguliwe.' Zamani alikuwa hauoni vizuri, macho yake si yale, ndipo akaupaka rangi. Akiuona umefunguka anasema, 'Kaamka, mama watoto yuko salama, haya twende,' ndipo anashuka." Na siku ya Alhamisi, kinyozi anasema, ulifunguka, akauona, akasema kaamka, akaegemea jiwe.

Kwa hiyo ule mlango ulikuwa ishara. Nilisema ni ishara, na ilikuwa ishara. Nilichokosea ni ya nani.

Nikashuka kwa makalio, nikaja mpaka hapo dirishani, nikaanza kumwambia wifi, na wifi akachukua sufuria akaanza kuzigonga ili asinisikie, jana jioni yote sufuria, leo asubuhi sufuria. Ila tangu nianze kusema hapa, nyinyi hamjagundua, mimi nimegundua, sufuria hazijalia.

Sasa shukrani, maana karatasi inataka. Tunamshukuru daktari, ambaye nilimwendea na yeye kwa mashaka, nikamwuliza kwa nini alimwacha mgonjwa wa moyo apande mawe, akaniambia, "Bibi, bila kile kilima mngemzika siku nyingi, na akiwa kwenye kiti," nikamtazama miguuni, nikaona kavaa viatu vile vile vya rangi, basi nikajua naye ni wao, lakini tunamshukuru. Tunawashukuru majirani, kwa viti, kwa maji, kwa turubai, na hata kwa maneno yenu, yamenipa nguvu ya kupanda. Tunaishukuru idara ya maji, wametuma watu na bomba letu halijakatwa. Tunawashukuru Magoti, ndio watakaobeba jeneza, nasema hivyo mimi, na mfamasia akibisha aje kwangu. Tunamshukuru mshonaji, yuko pale nyuma kabisa kajificha nyuma ya nguzo, mama, njoo mbele ukae na wanawake wenzako, hakuna atakayekutazama vibaya, na atakayekutazama namwona kutoka hapa.

Marehemu ameacha mke mmoja, mmoja, nalirudia, watoto watatu, wajukuu, dada, na kilima.

Mdogo wangu, mkunga alisema pumzi ipo, na ilikuwepo, umeitumia yote, hukurudisha hata tone. Sasa Pumzi, pumzika, kwa amani.

Lakini bado hatuondoki. Jeneza liko hapa, wabebaji wako tayari, kaburi limekwisha kuchimbwa, na mlango ule bado umefungwa, nanyi mnamjua mtu wenu, yeye hashuki mpaka ufunguliwe. Sauti yangu imekwisha, haifiki jikoni. Wewe uliye hapa mbele mwambie aliye nyuma yako, na wa nyuma yako amwambie wa nyuma yake, taratibu, msipunguze na msiongeze, mpaka afikiwe yule aliyesimama karibu kabisa na mlango, naye aweke mdomo kwenye ufa amwambie wifi yangu hivi tu, mume wako yuko juu anakungoja uamke, fungua.